Kufundisha Timu ya Kliniki ya Wanyama Kuhudumia Moyo: Mwongozo wa Vitendo

Kabla ya kuchagua mada ya kwanza, toa kabatini mafaili kumi ya mbwa na paka ambao katika miezi sita iliyopita waliandikiwa kuwa na mvumo wa moyo, yaani sauti ya ziada ya damu inayosikika kati ya mapigo. Katika kila faili tafuta vitu vinne: idadi ya pumzi kwa dakika mnyama akiwa ametulia, daraja la mvumo, mahali uliposikika kwa nguvu zaidi, na uzito wa siku hiyo. Weka vema penye jibu, acha wazi pasipo na jibu. Karatasi hiyo moja ndiyo mtaala wenu.

Mara nyingi utakuta ultrasaundi imefanyika na dawa imeandikwa sawasawa, lakini hakuna aliyehesabu pumzi. Kozi ya siku mbili ya nje haizibi pengo la namna hiyo. Anayekwenda kozi ni daktari mmoja, na anayepokea simu saa mbili asubuhi ni mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo mafunzo ya moyo yafanyike palepale kazini, na kila mtu awemo.

Ratiba

Tengeni dakika 40 kila wiki, siku ileile, kabla wateja hawajaanza kuingia. Wiki moja, ujuzi mmoja. Dakika 10 za maelezo, dakika 25 za mikono, na dakika 5 za kuandika nani ameweza na nani bado. Maelezo yakifika dakika 20, mwalimu akatishwe bila haya. Watu hawajifunzi kusikiliza moyo kwa kusikiliza hotuba. Ujuzi huohuo urudiwe kwa robo saa baada ya wiki moja, tena baada ya mwezi, tena baada ya miezi mitatu. Ujuzi wa mikono huchuja haraka, hasa ule usiotumika kila siku kama kufufua mnyama aliyesimama moyo.

Aliyejifunza jambo mwezi huu alifundishe mwezi ujao, hata kama ni muuguzi mgeni. Kama bodi inayowasajili inahesabu saa za mafunzo ya kujiendeleza, iulizeni mapema iwapo mafunzo ya ndani yanakubalika, na mweke daftari lenye tarehe, mada, muda na saini.

Pumzi kwanza

Anzeni na kuhesabu pumzi, hata kama wengine wataona ni jambo la kitoto. Upande wa kushoto wa moyo unapozidiwa, shinikizo hurudi nyuma kwenye mishipa ya mapafu na maji huanza kuvuja ndani ya mapafu. Mnyama hufidia kwa kupumua haraka zaidi, na mara nyingi dalili hiyo hutangulia nyingine zote.

Mbwa au paka aliyelala usingizi hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, na wengi wako chini sana ya hapo. Pumzi moja ni kifua kupanda na kushuka. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuhesabu kupanda moja na kushuka mbili, na idadi inatoka maradufu. Kosa la pili ni kuhesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne: pumzi moja iliyokuponyoka inageuka nne kwenye faili. Hesabu sekunde 30 kamili, zidisha kwa mbili.

Kwa zoezi, rekodi kwa simu video fupi za wanyama waliolala, nane hivi, kila moja ya dakika moja. Zionyeshe kwenye kioo kikubwa, kila mtu aandike jibu lake bila kuchungulia la jirani. Majibu yanayotofautiana kwa zaidi ya mbili yanarudiwa. Ndani ya hizo nane chomeka mbwa anayehema ulimi nje, mbwa anayeota huku miguu ikirukaruka, na paka anayekoroma kwa raha. Jibu sahihi kwa anayehema ni "haihesabiki, subiri atulie". Timu ikizoea kuandika jibu hilo badala ya kubuni namba, mmeshavuka hatua kubwa.

Kisha mfundishe muuguzi kumfundisha mwenye mnyama. Ahesabu kila siku kwa wiki moja ili ijulikane kawaida ya mnyama huyo, halafu mara mbili au tatu kwa wiki. Ikipita 30, asubiri nusu saa, ahesabu tena. Ikibaki juu, apige simu siku hiyohiyo. Ikipita 40, au tumbo linasukuma kwa nguvu, shingo imenyooshwa mbele, au fizi zimegeuka buluu, asipige simu kuomba nafasi, bali aje.

Mtu wa mapokezi afanye zoezi lake mwenyewe: mwenzake anajifanya mteja anayesema "mbwa wangu anakohoa". Maswali ya kuuliza ni manne tu: amelala au yuko macho sasa hivi, anapumua mara ngapi kwa dakika, fizi zina rangi gani, na amewahi kuambiwa ana tatizo la moyo? Atakayeyauliza hayo kabla ya kufungua kitabu cha miadi ameokoa saa nyingi.

Sikio na stetoskopu

Upande wa kushoto wa kifua cha mbwa kuna sehemu tatu za kukumbuka kwa namba zilizofuatana: vali (mlango wa damu) ya mapafu kwenye nafasi ya tatu kati ya mbavu, vali ya aota (mshipa mkuu unaotoka moyoni) kwenye ya nne, vali ya mitrali (kati ya chemba mbili za kushoto) kwenye ya tano. Upande wa kulia, vali ya trikuspidi (kati ya chemba mbili za kulia) iko kwenye nafasi ya nne. Kwa vitendo, tafuta kwanza kwa kiganja mahali moyo unapogonga kwa nguvu upande wa kushoto. Hapo ni jirani na mitrali. Kutoka hapo sogea mbele na juu, ukiingia chini ya kwapa. Wengi hawafiki kwapani, na ndiyo sababu mtoto wa mbwa mwenye mshipa wa kijusi (wa kabla ya kuzaliwa) uliokataa kuziba hupita bila kugunduliwa. Mvumo wake hauna pumziko, unavuma mfululizo kama mashine, na husikika zaidi hapo juu mbele. Ukigunduliwa mapema unatibika, kwa hiyo kwapa lisirukwe hata mara moja.

Madaraja ni sita. La 1 husikika kwa kutega sikio chumba kikiwa kimya. La 2 ni laini lakini linasikika mara moja. La 3 lina nguvu ya wastani, la 4 ni kubwa lakini halitetemeshi kifua. Kwenye la 5 kiganja kinahisi mtetemo. La 6 linasikika hata stetoskopu ikiinuliwa kidogo kutoka kifuani. Mpaka kati ya 4 na 5 ni kiganja, si sikio, kwa hiyo weka kiganja kila mara.

Zoezi linalofundisha kuliko yote: watu wawili wanamsikiliza mnyama mmoja bila kuambiana, kila mmoja anaandika kwenye karatasi daraja, mahali, na mapigo kwa dakika, kisha karatasi zinafunguliwa pamoja. Wakitofautiana kwa daraja zaidi ya moja, wote wanarudi kusikiliza. Mkono mmoja uwe kwenye mshipa wa paja muda wote. Kila pigo la moyo linapaswa kufuatwa na pigo la paja. Linapokosekana, andika, kisha pima umeme wa moyo (ECG).

Paka wanahitaji kipindi chao peke yao. Mivumo yao husikika zaidi pembeni mwa kidari, kwa hiyo stetoskopu iende chini kabisa. Akikoroma, fungulia bomba la maji karibu naye au mwonyeshe ndege dirishani, wengi hunyamaza. Na jambo hili lirudiwe hadi lizoeleke: paka wengi wenye ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa hawana mvumo wowote, na wapo wenye mvumo ambao moyo wao ni mzima. Mapigo ya tatu, yaani sauti ya ziada kwenye kila pigo, yanayosikika kama farasi anayekimbia, yana uzito zaidi kwa paka kuliko mvumo laini. Nao watoto wa mbwa huweza kuwa na mvumo usio na madhara, wa daraja la 1 au 2, unaopotea wakikaribia miezi mitano. Usipopotea, au ukiwa na nguvu zaidi ya hapo, wapigwe ultrasaundi.

Kupima moyo kwa pingili

Mwaka 1995 James Buchanan na mwenzake Bücheler walieleza namna ya kupima ukubwa wa moyo wa mbwa kwa kuulinganisha na pingili za uti wa mgongo wake mwenyewe, na hadi leo njia hiyo ndiyo nafuu kuliko zote. Inahitaji eksirei ya ubavu na rula.

Chukua picha ya mbwa amelala ubavu. Pima urefu kutoka ukingo wa chini wa panda ya njia ya hewa hadi ncha ya moyo. Kisha pima upana mahali moyo ni mpana zaidi, mstari wa pili ukikata wa kwanza kwa pembe mraba. Hamishia kila kipimo kwenye uti wa mgongo, ukianzia ukingo wa mbele wa pingili ya nne ya kifua, uhesabu pingili hadi sehemu moja ya kumi ya pingili. Urefu ukifika pingili 5.8 na upana 5.0, jumla ni 10.8. Mbwa wengi wazima wako kati ya 8.5 na 10.5, kwa paka, juu ya 8 inatia shaka. Boxer, Labrador na Cavalier King Charles huwa juu kidogo kwa asili yao, kwa hiyo jina la aina ya mbwa liandikwe pembeni ya namba.

Makosa yako mahali pamoja karibu kila siku: mtu ameanzia pingili ya tatu. Hesabu kurudi nyuma kutoka ubavu wa mwisho, ambao kwa kawaida ni wa 13, au fuata ubavu wa kwanza uende mbele, lakini usikisie. Picha iliyopigwa mnyama akiwa ametoa pumzi huukuza moyo, na iliyopinda huubadilisha umbo. Angalia mbavu za pande mbili zinavyolaliana kabla ya kushika rula.

Weka picha kumi zilizofichwa majina, kila mtu apime zote, kisha linganisheni. Wapimaji wawili wanaweza kutofautiana hata kwa pingili nzima kwenye picha moja, na hilo ni funzo lenyewe: mbwa mmoja afuatiliwe na mpimaji mmoja inapowezekana.

Namba hizi zina kazi. Miongozo ya chuo cha Marekani cha tiba ya ndani ya mifugo, ACVIM, ya mwaka 2019 inagawa ugonjwa wa vali ya mitrali wa mbwa katika hatua A, B1, B2, C na D. Kuingia B2, mbwa asiye na dalili awe na mvumo wa daraja la 3 au zaidi, chemba ya juu ya kushoto iliyogawanywa kwa aota ifike 1.6, upana wa ventrikali (chemba ya chini) ya kushoto uliorekebishwa kwa uzito ufike 1.7, na pingili zipite 10.5. Hapo ndipo pimobendani, dawa ya kuusaidia moyo kusukuma damu, inaanza, 0.25 hadi 0.3 mg kwa kilo kila saa 12, kabla hata hajakohoa. Utafiti wa EPIC wa mwaka 2016 uliofuatilia mbwa 360 ulionyesha kuwa kuianza hapo kunasogeza mbele kushindwa kwa moyo kwa takriban miezi 15. Kama hakuna ultrasaundi, pingili 11.5 au zaidi zinaruhusu uamuzi huohuo. Kipimo kilichoanzia pingili isiyo sahihi kinaweza kumnyima mbwa miezi hiyo.

Wanaotumia ultrasaundi wafanye hesabu ya ventrikali kwa mkono angalau mara moja ili waielewe. Mbwa wa kilo 8 ana ventrikali ya sentimita 3.2 ikiwa imejaa. Uzito unapandishwa kwa kipeo cha 0.294, unapata 1.84, 3.2 ukigawanya kwa 1.84 unapata 1.74. Amevuka. Kwenye chemba ya juu, kosa la kawaida ni kupima hadi ndani ya mshipa wa mapafu unaomwaga damu humo, na namba inavimba bila ugonjwa. Simamisha picha mara tu vali ya aota inapofunga, na mstari wako uishie ukutani.

Presha na umeme wa moyo vinaweza kugawana kipindi kimoja. Mkanda wa presha uwe na upana wa asilimia 30 hadi 40 ya mzingo wa mguu au mkia. Mwembamba mno hupandisha namba, mpana mno huishusha. Mnyama atulie dakika 5 hadi 10 chumba kikiwa kimya, kipimo cha kwanza kitupwe, vitano hadi saba vinavyofuata vitafutiwe wastani. Namba ya sistoli (moyo ukisukuma) chini ya 140 mmHg ni salama, 160 na kuendelea ni presha ya juu, 180 ni hatari kwa macho, figo, ubongo na moyo. Kwa umeme wa moyo, mbwa alale ubavu wa kulia. Kwa rangi za mfumo wa kimataifa, nyekundu ni mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Mashine za mfumo wa Marekani zina mpangilio tofauti, kwa hiyo soma herufi kwenye waya kabla ya kuamini rangi. Mawimbi yakionekana kichwa chini, angalia vibanio kabla ya kuangalia vitabu. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, hesabu mawimbi ndani ya sentimita 15 uzidishe kwa 10. Ikienda 50, zidisha kwa 20.

Anayeingia akipambana na pumzi

Kinachoua hapa mara nyingi ni haraka yetu. Paka mwenye maji kwenye mapafu akilazwa chali kwa ajili ya eksirei anaweza kufa mezani. Mpangilio wa kufanyia mazoezi ni huu: oksijeni kwanza, mikono mbali, butofanoli (dawa ya kutuliza) 0.2 mg kwa kilo kwenye msuli kama ana hofu, furosemidi (dawa ya kutoa maji mwilini), kisha subiri, ukihesabu pumzi kila robo saa bila kumshika. Picha baadaye.

Furosemidi kwa mbwa ni 2 mg kwa kilo kwenye mshipa au msuli, ikirudiwa kila saa hadi pumzi ipungue, bila kupita jumla ya 8 mg kwa kilo ndani ya saa nne. Paka apewe 1 hadi 2 mg kwa kilo. Sasa tazama kichupa. Kipo cha 10 mg kwa mililita na kipo cha 50. Mbwa wa kilo 10 anahitaji 20 mg: mililita 2 za kichupa cha kwanza, mililita 0.4 za cha pili. Mtu aliyezoea kimoja akishika kingine usiku, anatoa dozi mara tano au moja ya tano. Chagueni nguvu moja ya kuweka kwenye trei ya dharura, na kadi ya dozi ukutani iandikwe kwa mililita za nguvu hiyo, kwa kilo 2, 4, 5, 10, 20, 30 na 40. Kila mwezi mtu mmoja achague uzito wowote, mwingine avute maji kwenye bomba la sindano bila kikokotoo, wa tatu akague.

Akitulia na kwenda nyumbani, figo na chumvi za damu zipimwe ndani ya siku 3 hadi 14. Muuguzi amweleze mwenye mnyama kwamba pimobendani itolewe saa moja hivi kabla ya chakula. Paka anayepewa klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, hupata 18.75 mg kwa siku, yaani robo ya kidonge cha 75 mg, nayo ni chungu sana. Ifichwe ndani ya kapsuli tupu, la sivyo paka atatoa povu na mwenye paka atakata tamaa siku ya tatu.

Kubonyeza kifua

Miongozo ya RECOVER, ya kufufua mbwa na paka waliosimama moyo, ilitoka mwaka 2012 na kusahihishwa 2024. Mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua, mnyama akiwa ubavuni, na kifua kiachwe kirudi chote kabla ya kubonyeza tena. Mizunguko ya dakika mbili bila kusimama. Mnyama aliyewekewa bomba la hewa kooni apuliziwe mara 10 kwa dakika wakati mibonyezo ikiendelea. Asiye nalo, mibonyezo 30 kwa pumzi mbili.

Mahali pa mikono hutegemea umbo. Mbwa wa kifua cha duara, kama Labrador, bonyeza sehemu pana zaidi. Mwenye kifua chembamba kirefu, kama Greyhound, bonyeza juu ya moyo wenyewe. Bulldog wa Uingereza, mwenye kifua bapa, alazwe chali na kubonyezwa kwenye kidari, kina cha robo. Paka na mbwa wadogo wanatosha mkono mmoja.

Huhitaji mdoli wa bei. Mfuko imara uliojazwa taulo zilizokunjwa unatosha. Washa metronomu ya simu kwenye 110. Mbonyezaji asimame juu ya stuli, mabega yakiwa juu kabisa ya mikono, viwiko vimenyooka. Tazama viwiko: vikianza kukunjika, kwa kawaida kabla ya dakika ya pili kuisha, kina kimeshapungua ingawa mwenyewe anaapa yuko vilevile. Mtunza saa atangaze sekunde 15 kabla ya zamu kwisha. Anayepokea awe tayari upande wa pili wa meza, mikono imeshapangwa hewani. Pima pengo la kubadilishana, mlishushe chini ya sekunde tano.

Adrenalini ni 0.01 mg kwa kilo kila dakika 3 hadi 5. Ya 1 mg kwa mililita, mbwa wa kilo 10 anapata mililita 0.1. Paka wa kilo 4 anahitaji mililita 0.04, kiasi kisichovutika kwa mkono unaotetemeka. Changanya mililita moja na mililita 9 za maji ya chumvi, kisha toa mililita 0.1 kwa kila kilo, na uandike mchanganyiko huo kwenye bomba kwa kalamu. Anayetamka agizo analirudia anayelipokea, kwa sauti: "Adrenalini, sifuri nukta nne ya mchanganyiko, imeingia." Spiriti isitumike kama jeli ya elektrodi pale mshtuko wa umeme unapoweza kuhitajika, kwani inawaka.

Baada ya miezi mitatu toa mafaili mengine kumi, ujaze karatasi ileile ya safu nne. Safu iliyobaki na mapengo ndiyo mada ya Jumatatu ijayo, na kama bado ni ya pumzi, rudini kwenye video nane.